Unyumba Baada ya Hedhi Kukoma: Mashauri kwa Mke na Mume

Katika mambo ambayo mwanamke wa makamo humficha dada yake wa tumbo moja, na hata shoga yake waliyecheza pamoja tangu utotoni, sijui kama liko linalofichwa kwa bidii kuliko hili la kupungukiwa na hamu ya unyumba baada ya hedhi kukoma. Atataja maumivu ya magoti, ataeleza presha yake na sukari yake mbele ya wageni barazani, atahadithia jinsi joto linavyompanda usiku hata akatupa shuka. Lakini akiulizwa habari za chumbani kwake atacheka, au atasema kuwa hayo ni mambo ya vijana, kisha atageuza mazungumzo. Na kwa kuwa jambo halisemwi, halipati mashauri. Na kwa kuwa halipati mashauri, kila mwenye nalo hudhani kuwa limemsibu yeye peke yake, ilhali linawapata wanawake wengi mno, matajiri na maskini, wa bara na wa visiwani, wasomi na wasiojua kusoma.

Nimekusudia kulisema hapa kwa uwazi wote unaoruhusiwa na staha, kwa ajili ya mke aliyefikia umri huo na kwa ajili ya mumewe, maana nina yakini kwamba sehemu kubwa ya huzuni inayoingia katika nyumba za watu wazima kwa sababu hii ni huzuni yenye dawa. Rai yangu ni kwamba hamu ya mwanamke mtu mzima aghalabu haifi yenyewe, bali hufukuzwa. Na katika vinavyoifukuza, cha kwanza kutazamwa, kabla ya kuulaumu uzee na kabla ya kumlaumu mume, ni maumivu.

Mwanamke huhesabiwa kuwa hedhi yake imekoma anapotimiza miezi 12 mfululizo bila ya kwenda mwezini, pasipo mimba wala dawa iliyoizuia. Wengi hufika hapo baina ya miaka 45 na 55; anayefika kabla ya miaka 40 yampasa aonane na tabibu, kwa kuwa hilo si la kawaida na lina madhara yake katika mifupa na moyo. Vifuko vya mayai, ambavyo tangu alipovunja ungo vilikuwa vikitengeneza homoni iitwayo estrojeni, hupumzika. Na estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiifanya ngozi ya ndani ya uke iwe nene, laini na yenye kunyumbuka, ndiyo iliyokuwa ikivuta damu kwa wingi mahali pale na kuleta ute wa kulainisha, na ndiyo iliyokuwa ikivilisha vijidudu vyema vinavyoutia uke ukali kidogo wa asidi ili maradhi yasipate makao. Inapoondoka, ngozi hiyo hukonda na kukauka, mlango wa uke hubana, ule ukali hupungua, na mkojo nao huanza kuchoma au kumjia mtu kwa haraka, kwa maana kibofu na njia yake vilikuwa vikinyweshwa kutoka kisima hicho hicho. Joto la usiku, kwa walio wengi, hupoa baada ya miaka kadhaa hata pasipo tiba. Ukavu huu haupoi wenyewe, bali huelekea kuzidi kadiri miaka inavyokwenda, na hilo ndilo wanawake wengi hawakuambiwa na mtu yeyote.

Iko homoni nyingine, testosteroni, ambayo watu huidhani kuwa ya wanaume peke yao, ilhali mwanamke naye huitengeneza katika vifuko vyake vya mayai na katika tezi zilizokaa juu ya figo, nayo ina fungu lake katika hamu. Hii haiporomoki siku hedhi inapokoma. Hupungua polepole tangu ujana, hata mwanamke akifika miaka 40 na kitu huwa amebakiwa na kiasi cha nusu ya ile aliyokuwa nayo katika miaka yake ya 20. Kwa hiyo mwanamke ambaye hamu yake ilikatika kwa ghafla, katika mwaka mmoja au miwili, atafute sababu kwingine kwanza.

Tazama jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Mume amerudi kutoka sala ya isha, wamekula, mlango umefungwa. Mke hana kinyongo naye, wala hajamchoka, na miaka 30 waliyokaa pamoja imempa mapenzi asiyoweza kuyapima. Lakini tangu hedhi ilipokoma kuingiliwa kunamchoma na kumchubua, na asubuhi akikojoa anahisi moto. Mara ya kwanza alivumilia, akadhani ni uchovu. Mara ya pili alivumilia kwa kuwa alifundishwa kuvumilia. Baadaye, mkono wa mume unapolifikia bega lake tu, mapaja yanajikaza na misuli ya nyonga inajifunga kabla hajapata kuwaza neno lolote. Na ikifunga, kuingiliwa kunauma zaidi kuliko jana. Ikapita miezi, akaanza kuchelewa jikoni mpaka mume ashikwe na usingizi. Ukimwuliza leo atakujibu, "Sina hamu." Naye hasemi uongo, ila amelitaja tawi akaliacha shina, na mtu akimpa dawa ya hamu bila ya kuyaondoa yale maumivu, atakuwa amemrudisha kwenye moto ule ule.

Basi shauri la kwanza ni kwamba kuingiliwa kunakouma kusimamishwe mpaka kiini cha maumivu kijulikane na kitibiwe. Kuvumilia hapa si fadhila. Mke anayevumilia anaufunza mwili wake kumwogopa mume, na mume anayejua kuwa mkewe anaumia na akaendelea anaibomoa nyumba yake kwa mkono wake. Kusimamisha huko hakumaanishi kuhamana: mikono, mabusu, kukandana mgongo na kulala kifuani havikukatazwa na ukavu, na katika siku hizo vina kazi kubwa, kwa kuwa vinaufundisha mwili upya kwamba si kila kuguswa ni mwanzo wa kuumia.

La pili ni kulainisha, nalo ni jambo dogo ambalo haya imelifanya kubwa. Nimepata kumwona mwanamke wa heshima zake, mwenye buibui, amesimama pembeni katika duka la dawa akisubiri wateja waishe. Na walipokwisha, akamtazama yule kijana muuzaji, akanunua vidonge vya kichwa, akaondoka. Alilolijia ninadhani nalijua. Kinachotakiwa kuulizwa dukani ni kilainishi cha uke chenye asili ya maji, kisicho na manukato wala kemikali ya kutia joto, kitumiwe kwa wingi na kwa wote wawili wakati wenyewe wa tendo. Na pia iko krimu ya kuutilia uke unyevu, ambayo mwanamke huiweka mara mbili au tatu kwa wiki hata siku zisizo na tendo, ili ngozi isibaki kavu. Anayeona haya na amwandikie muuzaji katika kikaratasi, au amtume mumewe, kwani mume aliyekwenda kwa miguu yake kununua kilainishi amekwisha kufanya nusu ya mapatano. Mafuta ya nazi, ambayo pwani hayakosi jikoni, huwafaa baadhi ya wanawake. Lakini hulegeza mpira wa kondomu hata ikapasuka, kadhalika mafuta ya mgando, na anayetumia kondomu asiyaguse. Mate hayatoshi.

Ikiwa kilainishi hakikutosha, na kwa wanawake wengi waliokwisha kukaa miaka mitano au kumi na ukavu huo hakitatosha, iko tiba inayoukabili ukavu kutoka asili yake: estrojeni kidogo sana inayowekwa ndani ya uke, kwa namna ya krimu, kidonge kidogo, au pete laini. Mwendo wa kawaida wa krimu na kidonge ni kila usiku kwa muda wa wiki mbili, halafu mara mbili kwa wiki kwa muda mrefu. Nayo haifanyi kazi siku moja, bali ngozi huanza kurudi baada ya wiki kadhaa, na wengine hungoja kiasi cha miezi mitatu. Kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo mno, kwa hiyo haiogopwi kama zinavyoogopwa homoni za kumeza, na aghalabu hupunguza pia ule udhia wa mkojo unaorudi rudi. Mwanamke aliyepata saratani ya titi asiianze kabla ya kushauriana na tabibu aliyemtibu saratani hiyo. Haipatikani katika kila duka la dawa, na katika miji midogo pengine itabidi kuagizwa. Lakini ipo, na mwanamke ana haki ya kuitaja kwa jina mbele ya daktari asipotajiwa.

Hapa sina budi kusema neno kali juu ya mazoea yaliyoenea katika miji yetu. Wako wanaouza shabu, na majani yaliyosagwa, na poda za kubana, wakimwahidi mwanamke mtu mzima kwamba uke wake utarudi wa kigori. Na wako wanaojifukiza mvuke na moshi, au wanaojiosha ndani kwa sabuni na dawa za kuulia vijidudu. Udi wa kutia nguo na chumba ni pambo letu zuri na sina ugomvi nao. Lakini shabu katika uke uliokwisha kukonda hukausha kilichobaki, huchubua, na kila mchubuko ni mlango wa maradhi, ukiwamo ukimwi. Huu ni umri ambao mwili unaomba unyevu. Anayeuziwa ukavu kwa jina la ujana ameuziwa sumu, na ningependa kila mama anayesoma maneno haya ayapeleke hata kwa wale wasiosoma.

Na kwa kuwa mafunzo ya unyago yamewatia wanawake wengi ujuzi wa kukaza misuli ya nyonga, ni vizuri wajue kuwa mwenye maumivu hahitaji kukaza zaidi, bali kulegeza. Ajizoeze akiwa peke yake, amelala chali na magoti ameyakunja, akivuta pumzi mpaka tumboni na kuiachia misuli ile kama aachiaye mkojo, mara kadhaa kila siku, mpaka aweze kuilegeza kwa amri yake. Na katika hospitali kubwa wako wataalamu wa mazoezi ya viungo wanaoifundisha kazi hiyo vizuri zaidi.

Sasa niingie katika jambo ambalo halimo katika vitabu vya tiba, nalo kwetu lina nguvu kuliko homoni. Mila za makabila mengi ya Afrika Mashariki zimemwekea mwanamke mpaka usioandikwa: binti yake akishaolewa, au mjukuu wa kwanza akishazaliwa, inaonekana si murua tena kwake kuonekana kuwa ni mke wa mtu chumbani. Wajukuu huletwa kulala naye. Kwanza mmoja kwa ajili ya homa, halafu wawili kwa ajili ya shule. Chandarua kinateremshwa juu ya vichwa vitatu, na bwana mwenye nyumba anahamia chumba cha uani au kitanda cha sebuleni, bila ya mtu kusema neno, bila ya ugomvi, na bila ya mmoja wao kuulizwa kama ameridhika. Nimeona nyumba za namna hiyo ambamo mume na mke waliishi miaka wakisalimiana kwa heshima kubwa, kila mmoja akidhani kuwa mwenzake ndiye aliyetaka. Mwanamke aliye katika hali hiyo akisema hana hamu, tusikimbilie kupima damu yake. Tumwulize kwanza analala wapi na nani yuko kitandani. Sheria za dini zetu, ya Kiislamu na ya Kikristo, hazikuweka umri wa kukoma kwa haki ya mke na mume, na bibi mwenye wajukuu 12 hana dhambi yoyote akifunga mlango wake kwa komeo. Wajukuu wapewe kitanda chao. Wengi watalia siku mbili, kisha watazoea.

Hakuna aliyemfunda mwanamke jinsi ya kuishi na mume katika umri huu, na pengo hili la mafunzo ni la zamani. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utenzi mashuhuri wa mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa, alimwusia jinsi ya kuishi na mume. Makungwi wetu nao humchukua mwari akiwa mbichi na kumfunda mambo ya miaka yake ya kwanza. Lakini aliyefundwa akiwa na miaka 15 hurudi kwa nani anapofika miaka 55, na mwili umekuwa mwingine, na mume naye amekuwa mwingine? Natamani makungwi waliosalia, na wauguzi walio kliniki, na masheikh na wachungaji wanaofungisha ndoa, walitazame jambo hili kuwa ni funda la pili. Wanawake wa rika moja hukutana tayari kwa vikoba, kwa maulidi, kwa vyama vya kanisani na kwa kuzikana. Saa moja ya mashauri katika majilisi hayo, mbele ya muuguzi mwenye busara, ingewaokoa wengi.

Maumivu yakiondoka na mlango ukifungwa, wako wanaokaa wakingoja hamu ije kama ilivyokuwa ikija zamani, kwa kishindo, ikimshika mtu katikati ya kazi zake. Nao wanapoona haiji husema kuwa tiba haikufaa. Katika mwaka 2000 tabibu mmoja wa Vancouver, Kanada, aitwaye Rosemary Basson, aliandika jambo ambalo wanawake wengi walikwisha kulijua kwa uzoefu wao, ya kwamba kwa mwanamke aliyekaa na mume kwa muda mrefu, hamu mara nyingi haitangulii mbele ya kupendana kwa mwili, bali hufuata nyuma. Huanza akiwa hana shauku wala karaha, anakubali kukaa karibu kwa sababu ya mapenzi, au kwa kutaka faraja, anaguswa vizuri, pasipo haraka na pasipo maumivu, mwili unaamka, na hapo ndipo hamu huja. Hilo si upungufu. Ni njia nyingine ya kufikia mahali pale pale, na anayeijua hatajilaumu kwa kutofikiri tendo la ndoa tangu Jumatatu mpaka Alhamisi. Ila sharti lake moja halina badala: huko kukubali kuwe kwa hiari kweli kweli, na akisema basi, iwe basi.

Njia hii yadai muda, na muda huo yuko wa kuutoa, naye ni mume. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa adabu za ndoa wa kitabu chake cha Ihya Ulum al-Din, anamtaka mume aanze kwa maneno mazuri na mabusu, na akimaliza haja yake asimwache mkewe kabla naye hajaipata ya kwake. Na kama shauri hilo lilimfaa bwana harusi wa zama zile, seuze mume wa leo ambaye mkewe ana miaka 58 na ute wake unachelewa. Dakika zilizokuwa zikitosha ujanani hazitoshi sasa. Kinembe, ambacho ndicho kitovu cha raha ya mwanamke, hupungukiwa na damu na huhitaji kuguswa kwa muda mrefu zaidi. Na wanawake wengi, hata walipokuwa vijana, hawakupata kufika kileleni kwa kuingiliwa peke yake. Saa nayo ichaguliwe. Usiku wa manane baada ya kupika, kufua na kumwogesha mgonjwa si wakati wa mtu mzima. Alfajiri ya siku ya mapumziko, au alasiri nyumba ikiwa kimya, mwili huwa na nguvu zaidi.

Mume naye ana yake. Sukari na presha huharibu mishipa midogo, na wa kwanza kulegea ni uume. Na wanaume wengi, badala ya kusema, hujitenga, na mke akadhani kuwa amechukiwa kwa uzee wake, hamu yake ikanywea kwa huzuni. Wengine hukimbilia vidonge vya kuongeza nguvu na vumbi la Kongo, wakarudi wakikaa muda mrefu juu ya mke aliyekauka, na wakashangaa kwa nini analia. Mwanamume akitaka kujitibu na ajitibu kwa tabibu, pamoja na mkewe, na ajue kuwa kulegea huko pengine ni onyo la maradhi ya moyo yanayokuja.

Maneno ya kuanzia mazungumzo huwashinda wengi, basi nitayatoa. Yasisemwe kitandani, wala baada ya kukataana. Yasemwe mchana, wakiwa wametulia. Mke aweza kusema: "Baba Asha, nina neno, nalo si la ugomvi. Tangu damu yangu ikatike, tukikutana ninaumia, ndiyo maana unaniona ninakukwepa. Sikukuchoka. Nataka tutafute dawa pamoja, na kwa sasa nataka unishike tu." Mume mwenye mapenzi, akilisikia lile neno "Sikukuchoka", atakuwa ametuliwa mzigo aliokuwa akiubeba miaka.

Yako mambo mengine ambayo sitakaa nayo sana, lakini yasisahauliwe. Dawa za kutibu huzuni kubwa na wasiwasi, kama fluoksetini na amitriptilini, huweza kuipunguza hamu, na kadhalika baadhi ya dawa za presha, kama atenololi na methildopa. Mtu asiziache kwa amri yake, bali amwulize daktari kama iko nyingine. Upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyolegea, sukari isiyotunzwa, na kukosa usingizi kwa sababu ya lile joto la usiku, kila kimoja chatosha kuizima. Sonona huizima kabisa, na aliye nayo atibiwe sonona kwanza. Na pale ambapo ndani ya nyumba muna dharau, au mke mwenza aliyeletwa kwa siri, au kipigo, hamu ina haki ya kuondoka. Hilo halitibiwi kwa krimu.

Homoni za mwili mzima, za kumeza au kubandika ngozini, zilipata sifa mbaya baada ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani, ambao sehemu yake ya homoni mbili (estrojeni na projestojeni) ilisimamishwa Julai 2002 ilipoonekana kuwa saratani ya titi imeongezeka kidogo; lakini wanawake wale walikuwa na umri wa wastani wa miaka 63, na maoni ya matabibu leo ni kwamba mwanamke anayesumbuliwa na joto na kukosa usingizi, akianza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi kukoma, na asiwe na kizuizi, faida kwake aghalabu huzidi madhara. Mwenye mji wa uzazi lazima apewe na projestojeni ya kuulinda. Testosteroni nayo, kwa maafikiano ya vyama vya matabibu wa mataifa mengi ya mwaka 2019, yaweza kumfaa mwanamke aliyekoma hedhi ambaye hamu imempotea na yeye mwenyewe anaudhika, baada ya sababu nyingine kutazamwa. Lakini kipimo chake ni kama sehemu moja ya kumi ya kile cha mwanamume, damu hupimwa ili isizidi, na isipofaa kwa muda wa miezi sita huachwa. Anayejipaka dawa ya mumewe bila ya tabibu anajitafutia ndevu, na sauti nzito isiyorudi.

Neno la pekee kwa waliotolewa vifuko vya mayai kwa upasuaji, na kwa waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, kama wanavyotibiwa wengi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa kuwa hiyo ndiyo saratani inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania. Kwao mabadiliko hayakuja kwa miaka, yalikuja kwa siku. Na mionzi huufanya uke ushikane na kufupika. Iko namna ya kuuzuia usifunge, kwa vifaa laini vya kupanua anavyoelekezwa mgonjwa kuvitumia mapema. Asiyeelekezwa aulize. Kupona saratani ni neema, na kuuliza habari za unyumba baada yake si kuikufuru neema hiyo.

Na yuko mwanamke ambaye hamu imeondoka, hana maumivu, hana huzuni, na mumewe ameridhika au hayuko. Anasali, anacheza na wajukuu, analala usingizi wake. Huyo hana maradhi yoyote. Kupungua kwa hamu huitwa ugonjwa pale tu kunapomuudhi mwenyewe, na wala asije mtu kumwuzia tiba. Mjane au mtalaka anayeolewa tena akiwa na miaka 60, kwa upande wake, asidhani kuwa kukoma kwa mimba ni kukoma kwa hatari: ngozi iliyokonda huchanika upesi, na kupima damu kabla ya ndoa kunawahusu hata wazee.

Basi anayekwenda kwa tabibu na asizunguke. Wanawake wa Ansari, yaani Waislamu wa Madina wa zama za Mtume, walisifiwa na Bibi Aisha, mkewe Mtume, kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao, nayo yalikuwa mambo ya mwili haya haya. Aseme waziwazi: hedhi yangu ilikoma mwaka fulani, nikikutana na mume ninaumia mahali fulani, ninatumia dawa hizi, na akitaka kupimwa na tabibu mwanamke, aombe. Akiwa huko huko aombe na kipimo cha mlango wa kizazi, ambacho vituo vingi vya afya hukifanya kwa kupaka siki na kutazama, ingawa kwa aliyekwisha kukoma hedhi huenda akaelekezwa kipimo kingine, kwa kuwa sehemu inayotazamwa hupanda ndani. Na ikiwa imetoka damu baada ya hedhi kukoma, iwe ni tone moja baada ya tendo au doa katika nguo ya ndani, asingoje kilainishi wala krimu wala siku ya kliniki ya mwezi ujao. Aende wiki hiyo hiyo.